Ng'ombe wengi, maziwa machache: tunachopaswa kuelewa Mwanza

Malalamiko yanayofika ofisini kwetu yanafanana. Viwanda viko Tanga, Arusha na Iringa. Kwa nini Mwanza, yenye ng'ombe tele, inunue maziwa ya pakiti kutoka mbali? Swali ni la haki. Jibu la vijiweni, kwamba Kanda ya Ziwa imebaguliwa, si sahihi. Kagera nayo iko ziwani, na ufugaji wa maziwa umeshika mizizi kule.

Kiwanda hakifuati idadi ya ng'ombe, kinafuata lita. Ng'ombe wa asili wa Kwimba au Magu hutoa lita moja au mbili kwa siku, na ndama anazitegemea hizohizo. Kiangazi ngitili (malisho yanayotengwa kwa ajili ya ukame) zikikauka, kundi linahamishwa na maziwa yanakatika. Chotara akitunzwa vizuri hufikisha lita 8 na zaidi, lakini ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, humuua upesi asipoogeshwa dhidi ya kupe. Kilimanjaro walisaidiwa na baridi ya mlimani, na ufinyu wa vihamba (mashamba ya nyumbani) uliwafanya wafugie bandani. Tanga na Kagera zilipata mitamba na mafunzo kwa miaka mingi kupitia ushirikiano na Uholanzi. Tofauti hiyo ilijengwa kwa uwekezaji, na hapa pia inaweza kujengwa. Tunaamini hivyo kwa dhati, hasa baada ya daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka Ziwa Victoria, kufunguliwa Juni 2025: maziwa ya Sengerema hayana tena sababu ya kuchachia kwenye foleni ya kivuko.

Sasa kuhusu maziwa kukataliwa kwenye vituo vya kukusanyia. Mpokeaji hunusa na kutazama kwanza, kisha hupima kwa alkoholi. Yakiganda, yameanza kuchacha. Hufuata laktomita, kifaa cha kupima uzito wa maziwa ukilinganishwa na maji: kwa nyuzi 20 za joto, maziwa halisi hayapaswi kusoma chini ya 1.028. Yakisoma chini, hushukiwa kuongezwa maji. Tumelieleza hili mara nyingi: mpimaji hana ugomvi na mtu. Dumu la plastiki lililowahi kubeba mafuta halisafishiki. Tumia keni ya chuma. Ng'ombe aliyedungwa antibayotiki, maziwa yake yasiuzwe hadi siku alizoandika daktari wa mifugo ziishe.

Anayekusanya, kusindika au kuuza maziwa asajiliwe na Bodi ya Maziwa, kwa mujibu wa Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004. Kuuza bila usajili ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani. Wafugaji wadogo, anzeni kwa kujiunga kikundi, kisha mwoneni ofisa mifugo wa kata: tangi la kupoozea halijazwi na lita za kaya moja.