Saa Yako Inahesabu Moyo au Hatua?

Mtu anakimbia taratibu, anapiga soga na mwenzake bila kuhema, lakini saa ya mkononi inamwonyesha mapigo 172 kwa dakika. Wapo wanaokuja kliniki yetu na picha ya namba hiyo kwenye simu, wamekwisha kujihukumu kuwa wana ugonjwa wa moyo. Swali letu la kwanza ni moja: saa uliifunga wapi?

Nyuma ya saa hizi kuna taa za kijani. Mwanga wake hupenya ngozi, damu huufyonza, na kihisio hupima unaorudi. Moyo ukipiga, damu hujaa kwenye mishipa midogo na mwanga unaorudi hupungua. Ukiwa umetulia, kipimo hiki kinafaa kabisa. Shida huanza mkono unaporushwa: saa inachezacheza juu ya mfupa, mwanga wa nje unajipenyeza, na damu yenyewe inasukwasukwa kwa kila hatua. Wakimbiaji wengi hupiga hatua 150 hadi 180 kwa dakika, basi saa hudaka mdundo wa miguu ikidhani ni moyo. Utaitambua hali hii namba ikiruka ghafla kisha ikaganda palepale, uwe unapanda mlima au unashuka.

Isogeze saa upana wa vidole viwili kutoka kwenye kifundo kuelekea kiwiko, penye nyama. Ikaze isiteleze, ila isiutie mkono ganzi. Kwa wanyanyua vyuma na wapiga pushapu hata hapo hapatoshi, kwa sababu kifundo kinakunjwa na misuli inakaza. Kihisio cha kufunga juu ya kiwiko kina nafuu.

Kwa mazoezi ya kasi, mimi bado nauamini mkanda wa kifuani. Huo hausomi mwanga, unasoma umeme wa moyo wenyewe. Ufunge chini kidogo ya misuli ya kifua, na ulowanishe sehemu zinazogusa ngozi. Ukiuvaa mkavu, dakika za mwanzo utaona vituko mpaka jasho litoke.

Ukiwa na shaka, simama, weka vidole viwili kwenye kifundo upande wa dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Fanya hivyo mara moja, maana mapigo hushuka upesi ukipumzika. Ila kifua kikibana au ukipata kizunguzungu, acha mazoezi na utafute matibabu, hata kama saa inasema 90.