Pinki haikuzaliwa na wasichana

Kuna ujumbe haukauki kwenye magrupu: eti tangu enzi na enzi pinki ni rangi ya wasichana kwa maumbile, na bluu ni ya wavulana. Si kweli.

Mgawanyo huo ni mazoea ya biashara, tena ya karibuni. Mwaka 1918 jarida moja la wauza nguo za watoto nchini Marekani lilishauri kinyume chake: pinki kwa wavulana kwa sababu ni rangi yenye nguvu, bluu kwa wasichana kwa sababu ni laini. Hata Barbie, mwanasesere tunayemdhani wa pinki tangu mwanzo, aliingia sokoni mwaka 1959 akiwa na vazi la kuogelea lenye mistari myeusi na myeupe. Pinki ilimtawala baadaye.

Tunachanganyikiwa kwa kuwa tulichokikuta dukani utotoni tunakiona cha asili. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Unawatia wazazi hofu bure. Tafuta picha za Ulaya za karne ya 19: utawaona wavulana wadogo wamevaa magauni meupe, sawa na dada zao.