Mtume hapandishwi, hutumwa

Jumamosi moja nilikuwa kwenye ibada ya shukrani Uyole, hapa Mbeya. Mshereheshaji, kijana mwenye adabu zake, alitambulisha wageni kwa ngazi. Walianza wazee wa kanisa, wakafuata wainjilisti, wakafuata wachungaji. Kisha akasema, "Na sasa tunapanda juu kabisa, tusimame wote, mtume yuko nasi." Tulisimama, nami nikiwemo, maana mgeni huheshimiwa. Ila hilo "tunapanda" nilirudi nalo hadi nyumbani, kwa sababu si mara ya kwanza kulisikia. Mwanjelwa nimesikia mtu akisifiwa kwamba alikuwa mwinjilisti na sasa amepandishwa kuwa mtume, kama mwalimu anavyopandishwa kuwa mkuu wa shule.

Mtume ni mtu aliyetumwa. Amebeba neno au kazi ya mwingine, na nguvu aliyo nayo ni ya huyo aliyemtuma. Katika Agano Jipya wanaitwa hivyo wale 12 ambao Yesu aliwachagua miongoni mwa wanafunzi wake, kisha Paulo, Barnaba na wengine kadhaa. Maana ni hiyo tu. Kinachonisumbua ni irabu ya mwisho, ambayo tunaitamka kila siku bila kuisikia.

Kiswahili kina njia ya zamani ya kuunda jina kutoka kwenye kitenzi kwa kuweka -e mwishoni, na mara nyingi jina hilo humtaja aliyetendewa. Kuumba kunatupa kiumbe. Kuteua kunatupa mteule. Kushinda kunatupa mshindi na mshinde, na tofauti yao ni irabu moja: mshindi anaondoka na kombe, mshinde ndiye aliyeshindwa. Mtume yumo katika ukoo huo. Ile -e inasema kuna mtu mwingine nyuma yake, aliyeamua, akamwita, akampa la kusema na pa kwenda. Kiumbe hakijiumbi, na mtume hajitumi. Tunalo neno kujituma, na ni neno zuri, lakini hilo ni la bidii: mkulima wa viazi kule Umalila aliye shambani kabla umande haujakauka anajituma kwelikweli, wala hakuna anayemwita mtume.

Sasa weka kando yake neno mtumwa. Kitenzi ni kilekile kutuma, safari hii katika kauli ya kutendwa. Mtume na mtumwa ni ndugu wa tumbo moja, na sijui tuliwezaje kumketisha mmoja kwenye kiti cha kifalme tukamsahau mwenzake. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili tuliyokulia hawakuwatenganisha. Waraka kwa Warumi unaanza hivi: "Paulo, mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume." Mtumwa ametangulia. Na usiku ule wa kuoshana miguu, Yohana 13:16, Yesu anasema mtumwa si mkuu kuliko bwana wake, wala mtume si mkuu kuliko yeye aliyempeleka. Katika Kigiriki, lugha ya kwanza ya Agano Jipya, maneno hayo mawili hayana undugu wowote wa sauti, ni doulos na apostolos. Ni lugha yetu iliyobahatika kuyaonyesha kuwa jirani. Apostolos lenyewe latoka kwenye kitenzi cha kutuma. Rasuli la Kiarabu nalo ni hivyohivyo, na kutoka mzizi huohuo tumepata risala, ile tunayosomewa kwenye mahafali. Kokote unakogusa, unakuta kutumwa.

Aliyelelewa na bibi hahitaji Kigiriki. Mimi wa kwangu, kule Tukuyu, alikuwa akifungua pindo la khanga, anatoa sarafu, anakuwekea kiganjani na kukukunjia vidole kimoja kimoja. "Chumvi, na chenji." Halafu anatema mate chini, pale penye vumbi mbele ya mlango, na kusema, "Yasikauke hujarudi." Unakimbia. Dukani hukuwa mtu mdogo, kwa sababu ukisema "bibi amenituma" muuzaji anakuacha upite mbele ya wakubwa. Lakini jaribu kununua pipi kwa ile chenji! Heshima uliyopewa dukani ilikuwa ya bibi, na chenji ilikuwa ya bibi.

Paulo aliishi hivyo. Matendo 13 inasema alikuwa Antiokia, kanisa likifunga na kuomba, Roho akasema Barnaba na Sauli, ndiye huyo Paulo, watengwe kwa kazi, wakawekewa mikono, wakaenda. Watu hukumbuka safari, ila sura ya 14 haisomwi sana mwishoni, pale waliporudi Antiokia hiyohiyo, wakalikusanya kanisa na kueleza yote Mungu aliyoyafanya pamoja nao. Walirudisha chenji. Kule Korintho Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, na alipowaaga wazee wa Efeso aliwaambia mikono yake hiyo imetumika kwa mahitaji yake na ya wenzake. Imetumika: kitenzi kilekile tena.

Najua nitajibiwa kwa 1 Wakorintho 12:28, kwamba Mungu ameweka "wa kwanza mitume". Ni kweli, imeandikwa. Lakini barua hiyohiyo, sura ya 4, inasema Mungu ametutoa sisi mitume mwisho, kama watu waliohukumiwa wauawe. Wa kwanza kutangulia mahali ambapo Injili haijafika, wa mwisho kwenye mgao wa heshima. Ukisoma mstari mmoja bila mwenzake unapata nusu ya mtu.

Ila anayenigusa kuliko wote ni Epafrodito. Wafilipi walisikia Paulo yuko kifungoni, wakakusanya vitu, wakampa Epafrodito apeleke. Akapeleka. Akaugua karibu na kufa. Kilichomhuzunisha ni kwamba wa nyumbani wamesikia kuwa anaumwa. Hatusomi kwamba aliponya mtu wala kwamba alihubiri uwanjani. Alibeba mzigo wa watu akaufikisha. Na Paulo, katika Wafilipi 2:25, anamwita "mtume wenu", kwa neno lilelile la apostolos analojiitia yeye mwenyewe.

Huku kwetu tungepaswa kulielewa neno hili upesi. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa wametumwa, na kanisa lao lilikuwa na desturi hiyo tangu mwaka 1732, lilipotuma watu wake wawili wa kwanza kutoka Herrnhut, Ujerumani, kwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibi. Mmoja alikuwa mfinyanzi, Leonhard Dober. Mwenzake, David Nitschmann, alikuwa seremala. Walitumwa kwa watumwa wa mashamba ya miwa. Wakatoliki nao wana vyama vya kitume, na ndani yake utakuta mama muuza ndizi anayekwenda kumtazama mgonjwa kwa sababu jumuiya imemtuma.

Sisemi kwamba leo hakuna wanaotumwa. Wapo, na baadhi nimekula nao ugali. Wala yule mgeni wa Uyole sina neno naye. Huenda alitumwa na anajua na nani.

Yule kijana mshereheshaji nilimngoja watu walipokuwa wakikunja mahema. Nikamwambia, "Mwanangu, umefanya kazi nzuri, ila lile la kupanda juu liache." Akaniuliza, bila kukasirika, sasa mgeni kama yule atamtambulishaje wiki ijayo. Nikamwambia amwendee kabla ya ibada, amuulize katumwa na nani na kaja na neno gani, kisha akishika maikrofoni aseme, "Ndugu zetu wa mahali fulani wamemtuma huyu kwetu, tumsikilize." Akatoa simu akaiandika sentensi hiyo, akanisomea kuhakikisha, na pale kwenye "wamemtuma" akarudia mara mbili.