Nyasi kumea si cheti cha udongo

Nairobi kuna imani ya siku nyingi: kiwanja kilichokuwa gereji au jaa kikishamea sukuma wiki, udongo wake umepona. Sivyo. Risasi (madini, si ya bunduki) haiozi. Hubaki udongoni miaka na mikaka, na sukuma humea juu yake bila shida. Utafiti wa 2007 wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, uliwapima watoto 328 wa karibu na jaa la Dandora. Nusu ya waliopimwa damu walikuwa na risasi iliyofikia au kupita kiwango kilichokubalika.

Kupima uchafu wa ardhi huanza na makaratasi: nani alikuwa hapo, alimwaga nini. Ndipo udongo na maji ya chini hupelekwa maabara. Hapo pesa za umma hufaa, kwani mjenzi binafsi hana haraka ya kutafuta habari mbaya. Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 iliweka hata mfuko wa kurejesha mazingira, kwa pale mchafuzi asipojulikana. Ila kupima si kusafisha. Kinachotoka ni ripoti, inayomwambia mhandisi kama achimbe, afunike au ajenge tu.