Petro ni mwamba, mafuta yako mkiani

Juzi kwenye kituo cha mafuta nilimsikia baba mmoja akimweleza bintiye, mtoto bado yumo ndani ya sare ya shule: “Petro maana yake mafuta, ndiyo maana tunasema petroli.” Maelezo hayo nimeshayasikia mara nyingi mno, na kila mara yananikera.

Petroli ni mafuta yatokayo ardhini. Neno lenyewe limeungwa kwa mawili: petra, la Kigiriki, yaani mwamba, na oleum, la Kilatini, yaani mafuta. Basi ni mafuta ya mwambani. Georgius Agricola, Mjerumani bingwa wa madini, alilitumia petroleum kitabuni mwake mwaka 1546.

Mafuta kwa hiyo yamo kwenye ile -oli ya mwisho. Na hiyo oleum asili yake ni elaion ya Kigiriki, mafuta ya zeituni. Waarabu nao wana zayt, mafuta, na zaytun, tunda lake, ambalo ndilo zeituni letu. Watu wa pwani za Mediterania, ukisema mafuta tu, waliwaza zeituni. Yale yaliyochuruzika maweni ilibidi yatajwe yanakotoka, kama sisi tunavyosema mafuta ya nazi, mafuta ya ufuta, mafuta ya taa.

Petro tunalo siku zote. Katika Mathayo 16:18 Yesu anamwambia Simoni: “Wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu.” Kwa Kigiriki ni Petros na petra, na Kefa, jina lake la Kiaramu, nalo ni jiwe. Weka mafuta hapo, kauli yote inapoteza maana.

Linaloniudhi zaidi ni petrolojia kuitwa elimu ya mafuta. Ni elimu ya miamba! Anayeisoma anakata jiwe jembamba hadi lipitishe mwanga, kisha analichungulia kwa hadubini, na huenda asiguse tone la mafuta mwaka mzima.

Ila petrodola, yaani dola za mauzo ya mafuta, na petrokemikali, yaani kemikali zitokanazo nayo, ni kweli zinahusu mafuta, kwa kuwa humo petro- ni kifupi cha petroli nzima. Nadhani yule baba alianzia huko, na hakukosea mbali. Angemwambia tu bintiye kwamba petro ni mwamba, halafu amwachie aitafute -oli mwenyewe.