Lugha ya programu inapopewa notisi: Apple ilivyoacha kuibeba Java kwenye Mac

Tarehe 20 Oktoba 2010 Apple ilitoa sasisho la tatu la Java kwa ajili ya Mac OS X 10.6. Ndani ya maelezo yaliyoambatana nalo, mahali ambapo watu wengi huwa hawafiki, kulikuwa na aya fupi yenye habari kubwa: Java inayotengenezwa na Apple na kuja ndani ya mfumo imepewa notisi, na wasanidi programu wasitegemee kuikuta katika matoleo yajayo. Kwa wenye 10.5 na 10.6, matengenezo yangeendelea hadi mwisho wa kawaida wa matoleo hayo.

Neno notisi hapa lichukuliwe kama anavyolichukua mpangaji. Aliyepewa notisi hajatolewa vyombo nje. Ufunguo anao, umeme unawaka, maji yanatoka. Kilichokwisha ni ahadi ya kuendelea kukaa. Kwenye programu ni vivyo hivyo: kitu bado kinafanya kazi, ila mwenye nacho anakuambia usijenge tena juu yake. Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wa msanidi, ikikutana na kitu cha namna hiyo hutoa onyo, kisha huendelea na kazi. Kuondolewa ni hatua nyingine, na kati ya hizo mbili inaweza kupita miezi au miaka. Wengi walioipata habari ile ya 2010 walizichanganya, wakadhani Mac haitaweza tena kuendesha Java. Haikuwa hivyo, na mpaka leo sivyo.

Kilichoachwa hasa ni kazi. Java haitafsiriwi moja kwa moja kwenda lugha ya prosesa. Kompaila yake huzalisha msimbo wa baiti, na msimbo huo huendeshwa na mashine pepe, yaani programu inayojifanya kompyuta, ikisaidiwa na maktaba za mafaili, mtandao, madirisha, fonti na mengineyo. Ndiyo siri ya ile ahadi ya Sun, kampuni iliyoibuni Java, ya kuandika mara moja na kuendesha popote. Lakini "popote" ina sharti: lazima awepo mtu aliyekwisha kuijenga mashine pepe kwa mfumo husika. Kwa Windows, Linux na Solaris, Sun ilijenga yenyewe. Kwa Mac, Apple ilichukua msimbo wa Sun kwa leseni, ikaubadilisha ufanye kazi kwenye mfumo wake, ikausambaza pamoja na mfumo, na kila tundu la usalama lilipogunduliwa ikatoa kiraka chake. Kujenga, kusambaza, kuziba: mtengenezaji anaposema anaiacha lugha, swali la kwanza la kuuliza ni nani anarithi kila moja ya kazi hizo.

Hakuna aliyeilazimisha Apple kuzibeba. Mwaka 2000 Steve Jobs, mkuu wa Apple, alipanda jukwaani kwenye mkutano wa JavaOne na kuahidi kuifanya Mac kuwa mahali bora pa kuendeshea Java. Hesabu ilikuwa rahisi: Mac ilikuwa na programu chache, na kila programu ya Java iliyoandikwa kwa ajili ya wengine ilikuwa faida isiyo na jasho. Apple ikajitahidi kweli. Vitufe na menyu za Java vilichorwa kwa sura ya Aqua, yaani mwonekano wa Mac OS X, na msanidi aliyeweka sifa `apple.laf.useScreenMenuBar` kuwa `true` aliona menyu yake ikihama kutoka kwenye dirisha kwenda juu ya skrini, kama ilivyo desturi ya Mac. Kulikuwa hata na daraja la kuandikia kwa Java programu za Cocoa, yaani maktaba za Apple za kutengenezea programu za Mac. Daraja hilo lilipata notisi yake mapema, 2005, pale Apple iliposema vipengele vya Cocoa vitakavyokuja baada ya Mac OS X 10.4 havitaongezwa humo. Kwa hiyo dalili zilikuwepo miaka mitano kabla.

Bei ya kuwa fundi wa katikati ni kuchelewa. Java 6 ya Sun ilitoka Desemba 2006. Ya Apple ilifika mwishoni mwa Aprili 2008, miezi 16 baadaye, tena kwa Mac OS X 10.5 kwenye prosesa za Intel za biti 64 tu. Mwenye Mac ya zamani yenye prosesa ya PowerPC, au Mac za mwanzo za Intel zenye Core Duo ya biti 32, wakati huo alibaki na Java 5. Baada ya notisi kutoka, Jobs alimjibu msanidi mmoja kwa barua pepe kwamba Sun, ambayo tayari ilikuwa mali ya Oracle tangu Januari 2010, ndiyo inayotoa Java kwa mifumo mingine yote. Ratiba zao na za Apple hazilingani, hivyo Java iliyomo kwenye Mac daima huwa toleo moja nyuma. Hapo kwenye "mifumo mingine yote" alitia chumvi, kwa sababu IBM na HP nazo zilijijengea Java kwa mifumo yao. Hoja kuu lakini ilisimama.

Uamuzi ulikuwa sahihi. Namna ulivyotolewa ndiyo iliyokuwa mbovu. Notisi ilitoka bila kutaja mrithi. Siku hiyohiyo Apple ilitangaza duka lake la programu za Mac, ambalo masharti yake yalikataa programu zinazotegemea teknolojia zilizopewa notisi au za kusakinishwa kwa hiari, Java ikiwemo. Kwa siku 23 msanidi wa Java mwenye wateja wa Mac hakujua kama miaka miwili mbele kutakuwa na mashine pepe yoyote ya kuendeshea kazi yake. Ndipo tarehe 12 Novemba 2010 Apple na Oracle zikatangaza makubaliano: Apple ingetoa sehemu kubwa ya msimbo wake kwa OpenJDK, mradi wa Java ya msimbo huria, ikiwemo mashine pepe ya HotSpot ya biti 32 na 64, maktaba, sehemu ya mtandao na msingi wa michoro mipya. Java 6 ingeendelea kutoka kwa Apple. Kuanzia Java 7, mlango wa kubisha ungekuwa wa Oracle.

Lion, yaani Mac OS X 10.7, ilipotoka Julai 2011, mfumo ulikuja bila Java. Mtumiaji aliyefungua programu ya Java kwa mara ya kwanza aliona dirisha la kumuuliza kama anataka Java 6 ipakuliwe. Akikubali, kazi iliendelea. Java 7 ya Oracle kwa Mac, katika sura ya vifaa vya wasanidi, ilifika Aprili 2012 kama sasisho la nne la toleo hilo.

Mwezi huohuo wa Aprili ulionyesha kwa nini kazi ya tatu, ya kuziba matundu, haifai kupita mikono miwili. Oracle ilikuwa imeziba tundu la Java lililopewa namba CVE-2012-0507 tarehe 14 Februari 2012. Kiraka kikishatoka, kila mhalifu anaweza kukilinganisha na msimbo wa zamani na kuona tundu lilikuwa wapi. Apple ilitoa kiraka chake tarehe 3 Aprili. Katika wiki hizo saba programu hasidi ya Flashback ilipita humohumo: mtu alifungua ukurasa wa wavuti tu, bila kuandika nenosiri, na kompyuta ikaambukizwa. Kampuni ya Doctor Web ya Urusi ilihesabu zaidi ya Mac 550,000. Oktoba mwaka huo sasisho la Apple likaiondoa kabisa programu-jalizi yake ya Java kwenye vivinjari.

Leo, kwenye Mac mpya, ukiandika `java -version` kwenye Terminal, programu ya kuandikia amri, unaambiwa hakuna Java iliyopatikana na unaelekezwa java.com. Jambo linalowachanganya watu ni kwamba faili `/usr/bin/java` lipo. Hilo si Java. Ni kielekezi kidogo kinachotafuta Java halisi ndani ya folda `/Library/Java/JavaVirtualMachines` na kuikabidhi amri yako. Usijaribu kulifuta wala kulibadilisha. Tangu 2015 mfumo unailinda sehemu hiyo hata dhidi ya msimamizi. Kuona zilizopo, andika:

`/usr/libexec/java_home -V`

Kisakinishi cha Java kutoka Oracle, Azul au mradi wa Temurin huweka Java kwenye folda hiyo na kielekezi huiona papo hapo. Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine kwa amri, haifanyi hivyo. `brew install openjdk` huiweka pembeni, na mtu anabaki akishangaa mbona ameisakinisha na mfumo bado unaikana. Kwenye Mac zenye prosesa za Apple tiba ni mstari mmoja:

`sudo ln -sfn /opt/homebrew/opt/openjdk/libexec/openjdk.jdk /Library/Java/JavaVirtualMachines/openjdk.jdk`

Ukiwa na matoleo kadhaa, chagua kwa kuweka `export JAVA_HOME=$(/usr/libexec/java_home -v 17)` kwenye faili la `~/.zshrc`. Java 8 hujiita 1.8, kwa hiyo andika `-v 1.8`. Angalia pia aina ya prosesa: Java ya Intel hukubali kuendeshwa kwenye Mac mpya kupitia Rosetta, kitafsiri cha Apple cha programu za Intel, polepole kidogo, lakini programu ikibeba maktaba ya asili iliyojengwa kwa prosesa ya Apple utapata kosa la `UnsatisfiedLinkError`. Amri `java -XshowSettings:properties -version` inaonyesha mstari wa `os.arch`, `aarch64` ni ya prosesa za Apple, `x86_64` ni ya Intel. Msimbo wa kuendesha Java kwenye Mac hizo uliingia rasmi katika OpenJDK 17, Septemba 2021.

Kuna kosa moja ambalo hakuna Java mpya inayolitibu. Unafungua programu ya zamani, mfumo unadai Java SE 6, unasakinisha Java 17 au 21, na dai linarudi vilevile. Sababu iko ndani ya programu yenyewe. Zilizofungashwa enzi za Apple huanzishwa na faili liitwalo `JavaApplicationStub`, na ndani ya `Info.plist`, faili la maelezo ya programu, zina kipengele cha `Java` chenye `JVMVersion`. Kianzishi hicho kinaijua Java ya Apple peke yake. Za Oracle na wengine hakizioni. Kwa ajili ya programu hizo Apple iliendelea kuweka kifurushi cha Java 6 kwenye tovuti yake, cha mwisho kikiitwa Java for OS X 2017-001. Kinazifufua nyingi, ila ni Java ambayo matundu yake hayazibwi tena. Kama kuna toleo jipya la programu, lisakinishe badala yake. Kama msanidi alikuachia faili la `.jar`, yaani kifurushi cha msimbo wa Java, mara nyingi liko ndani ya `Contents/Resources/Java`, na unaweza kujaribu kuliendesha moja kwa moja kwa `java -jar`.

Kwa msanidi, urithi umeishia kwake. Tangu Java 11 Oracle haitoi tena kifurushi cha pekee cha kuendeshea kwa watumiaji wa kawaida, hivyo kutegemea kwamba mteja atakuwa na Java ni kujitafutia simu za malalamiko. Njia ya siku hizi ni kuifungasha ndani ya programu. `jlink`, iliyokuja na Java 9, hukata mashine pepe na kubakiza moduli unazozitumia tu, na ukubwa ukashuka kutoka mamia ya megabaiti hadi makumi. `jpackage`, iliyokamilika katika Java 16, hutengeneza kifurushi chenyewe:

`jpackage --type dmg --name Hesabu --input libs --main-jar hesabu.jar`

Amri hiyo iendeshwe kwenye Mac. Ukiwa Windows au Linux haiwezi kukutengenezea faili la `.dmg`. Baadaye kuna saini na uhakiki wa Apple, na hapo wengi hukwama: mashine pepe huandika msimbo wa prosesa wakati programu ikiendelea, jambo ambalo ulinzi wa mfumo hulizuia mpaka utangaze ruhusa ya `com.apple.security.cs.allow-jit`. Ukiisahau, programu inapita uhakiki vizuri kisha inaanguka inapofunguliwa. Na msimbo wa zamani unaotumia `com.apple.eawt` kupokea amri za kufunga programu au kufungua mafaili uhamishiwe `java.awt.Desktop`, ambayo tangu Java 9 inafanya kazi hizo.

Ukifungasha Java, viraka pia ni vyako. Oracle hutoa masasisho ya usalama kila baada ya miezi mitatu, Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Programu isiyofungashwa upya baada ya hapo inatembea na matundu yanayojulikana, kama Mac za 2012.

Java ya Apple haikuwa ya kwanza wala ya mwisho kuachwa na mwenye mfumo. Windows XP ilitoka 2001 bila mashine pepe ya Java kwenye usakinishaji wa kawaida, baada ya kesi ndefu kati ya Sun na Microsoft. Mwaka 2019 maelezo ya macOS 10.15 yalitoa notisi kwa Python, Ruby na Perl zilizomo kwenye mfumo. PHP iliondoka na macOS 12 mwaka 2021, na Python 2.7 ikaondoka na 12.3, Machi 2022. Skripti ambazo mstari wake wa kwanza ni `#!/usr/bin/python` zilikufa siku ya kusasisha mfumo. Anayehamia Python 3 asidhani faili la `/usr/bin/python3` ndilo Python yenyewe: kama lile la Java, ni kielekezi, na kwenye Mac mpya kikiitwa mara ya kwanza huomba kusakinisha vifaa vya wasanidi vya Apple.