Damu Ikishatoka Mwilini, Ni ya Nani?

Ukifungua jarida la biolojia utasoma jaribio lilivyofanyika: seli za aina gani, dawa kiasi gani, matokeo yapi. Mtu aliyetoa hizo seli humwoni. Yapo majarida ya kitaaluma yanayoanza na mtu huyo. BioSocieties, lililoanza mwaka 2006 katika chuo kikuu cha London School of Economics, ni mojawapo. Humo huandika wanasosholojia, wanaanthropolojia, wanasheria na wanafalsafa, na mara nyingine wanabiolojia wenyewe. Makala zake ni ndefu, majedwali ni machache, na mwandishi anaweza kuwa amekaa kliniki miezi mingi akisikiliza tu.

Wenzangu wa maabara huniuliza kama huo ni utafiti au ni soga. Huwa nawapa kisa cha Wahavasupai.

Hawa ni jamii ndogo ya wenyeji wa asili wa Marekani, wanaoishi ndani ya Grand Canyon, korongo kubwa la jimbo la Arizona. Kisukari kiliwaandama sana. Kuanzia mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walikusanya damu yao, nao wakaitoa wakiamini chanzo cha kisukari ndicho kinachotafutwa. Mwaka 2003 wakagundua kwamba damu ileile ilitumika pia kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili), kuzaana kwa ndugu, na njia ambayo mababu zao walipitia kutoka Asia. Masimulizi yao yanasema walitokea humo humo korongoni. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2010 chuo kilikubali kuwalipa watu 41 jumla ya dola 700,000 na kurudisha sampuli zilizobaki.

Kinachokifanya kisa hiki kiwe kigumu ni fomu yenyewe. Ilizungumzia utafiti wa matatizo ya kitabia na ya kiafya kwa ujumla, kwa hiyo anayeangalia karatasi peke yake anaweza kusema hakuna mpaka uliovukwa. Lakini walichoambiwa kwa mdomo, na walichokielewa, kilikuwa kisukari. Tena hakuna aliyeumizwa mwili. Kilichojeruhiwa ni heshima ya jamii nzima, wakiwemo wasiotoa hata tone, ilhali kamati nyingi za maadili zilizoea kupima madhara kwa mtu mmoja mmoja. Hakuna darubini inayoonyesha jeraha la namna hiyo. Linahitaji mtu wa kukaa na watu na kuwauliza.

Vinasaba vinazidisha ugumu kwa sababu havina mwenyewe mmoja. Seli za Henrietta Lacks, Mmarekani aliyekuwa akiugua saratani, zilichukuliwa Baltimore mwaka 1951 bila ridhaa yake, na maabara duniani kote zinaendelea kuzikuza hadi leo. Jenomu ya seli hizo, yaani mpangilio mzima wa vinasaba vyake, ilipochapishwa Machi 2013, waliohusika moja kwa moja walikuwa watoto na wajukuu, ambao hawakuulizwa. Miezi mitano baadaye yalifikiwa makubaliano: data iombwe kwa kamati, na ndugu wawili wa ukoo huo wawemo. Machi 2025 kampuni ya 23andMe, inayopima vinasaba kwa mate, ilipoomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, swali lilirudi kwa sura ya biashara: je, vinasaba vya mamilioni ya wateja ni mali ya kuuzwa pamoja na madeni?

Nisiyasifu majarida haya kupita kiasi. Lugha yake mara nyingi ni nzito hata kwa msomi, na makala nyingi hufika maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Halafu kuna suala la fedha. Mradi wa Jenomu ya Binadamu, ulioanza mwaka 1990, ulitenga nchini Marekani asilimia 3, baadaye 5, ya bajeti yake kuchunguza masuala ya maadili, sheria na jamii. Ni jambo jema, ingawa anayelishwa na mradi huona haya kuukosoa.

Kwa msomaji asiye mtafiti, mahali pa kuyaonja mambo haya ni fomu ya ridhaa. Ukipewa, tafuta sentensi inayosema sampuli itatumika kwa “utafiti wa baadaye”. Uliza ni utafiti gani, nani ataruhusiwa kuigusa, na ukibadili mawazo itateketezwa au itabaki. Akishindwa kukujibu aliyeishika hiyo fomu, mwambie akuitie anayejua kabla sindano haijaingia.